Anwani za Kukodi

Mzee aliyenipa ajira yangu ya kwanza alikuwa na kauntabuku yenye jalada jeusi, na mtandao wake wote ulikuwa humo. Kila mashine na mstari wake: ya mlangoni, ya chini ya feni, ya dirishani, ya kaunta. Mbele ya jina iliandikwa anwani kwa kalamu ya bluu, na anwani ikibadilishwa, ile ya zamani ilikatwa kwa rula, maana mzee alikuwa karani kabla ya kustaafu na hakuvumilia uchafu daftarini. Kafe yenyewe ilikuwa Mwenge, Dar es Salaam, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kebo za baharini zilikuwa bado. SEACOM ilifika pwani yetu mwaka 2009. Sisi tulivuta intaneti kwa dishi la setilaiti lililofungwa juu ya paa, na mteja aliweza kulipia nusu saa nzima akaondoka na barua pepe mbili.

Kazi yangu ilikuwa kuingiza kwenye mashine kile kilichoandikwa daftarini. Kila kompyuta ilihitaji kuambiwa mambo manne: anwani yake yenyewe, namba inayoonyesha mtandao wetu unaishia wapi, anwani ya rauta ambayo ndiyo lango la kutokea nje, na anwani ya seva inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba. Ukikosea tarakimu moja, mashine inakuwa bubu. Na Windows 98 ilikuwa na ukaidi wake: ukibadilisha anwani, inataka izimwe na kuwashwa upya ndipo ikubali.

Kuandika hakukuwa tatizo. Tatizo lilikuwa mashine kwenda kwa fundi. Ikiharibika moja, tunaweka nyingine mahali pake na kuipa anwani ileile, kwa kuwa mstari wa daftari ni uleule. Baada ya wiki ile ya kwanza inarudi imepona, inachomekwa kwenye meza nyingine, na anwani yake ya zamani bado imo tumboni. Hapo mashine mbili zinadai namba moja. Kwenye kioo unatokea ujumbe kwamba anwani imegongana na ya mwenzake, kurasa zinafunguka nusu, na mteja ananyoosha mkono: "Kaka, hii mashine imeganda, na saa yangu inatembea." Mimi nakimbilia kauntabuku, kauntabuku inasema kila kitu kiko sawa.

Daftari liliandika mashine zilivyotakiwa kuwa, nasi tulihitaji kujua zilivyo.

Mwenge haikuwa ya kwanza kuteseka. Mwaka 1984 watu wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walichapisha itifaki iliyoitwa RARP, kwa ajili ya kompyuta zisizo na diski. Kompyuta ya aina hiyo ikiwashwa haikuwa na pa kuhifadhi anwani, ilijua tu namba iliyochongwa kiwandani kwenye kadi yake ya mtandao. Ikawa inauliza: mwenye namba hii ya kadi anapaswa kuwa na anwani gani? Mwaka uliofuata Bill Croft wa Stanford na John Gilmore wa Sun Microsystems wakaja na BOOTP, iliyoweza kujibu zaidi ya hapo, pamoja na kuiambia mashine ichukue wapi faili la kuwakia. Lakini zote mbili zilidai mtu akae chini ajaze jedwali kwanza: namba ya kadi upande wa kushoto, anwani upande wa kulia. Kauntabuku ilikuwa imehamia ndani ya kompyuta tu.

Mabadiliko yaliletwa na itifaki ya DHCP, iliyotangazwa kwa mara ya kwanza Oktoba 1993 na kurekebishwa Machi 1997. Mwandishi wake, Ralph Droms, alikuwa mwalimu wa Chuo Kikuu cha Bucknell huko Pennsylvania. Hakuitupa BOOTP. Aliuacha muundo wa ujumbe wake na milango ileile, 67 kwa seva na 68 kwa mashine inayoomba, ndiyo maana vifaa vya zamani vilivyojua BOOTP viliendelea kuelewana na vipya. Alichoongeza ni kwamba seva inaweza kuwa na ghala la anwani na kugawa yenyewe, bila jedwali la mtu kwa mtu, na kwamba anwani hutolewa kwa muda. Muda ukiisha bila kuongezwa, inarudi ghalani. Ni kama gesti ya jirani na stendi ya mabasi: vyumba ni vichache, wageni kwa mwezi ni mamia, na kinachowezesha hilo ni kwamba kila mgeni anajua saa ya kurudisha ufunguo.

Nilipoanza kujifunza haya nilidhani ugawaji ndio uvumbuzi mkuu. Miaka mingi ya kutengeneza mitandao ya watu imenifundisha kwamba uvumbuzi ni ule muda, na kwamba mafundi wengi hawaugusi kabisa. Wanauacha kama ulivyokuja kwenye boksi.

Mazungumzo yenyewe ya mashine na seva ya DHCP niliyaona kwa macho pale kafe, siku nilipoweka kwenye kompyuta ya kaunta programu ya kutazama yanayopita kwenye waya, Ethereal, ile ambayo tangu 2006 inaitwa Wireshark. Nilizima mashine ya mlangoni, nikaiwasha, nikatazama. Kompyuta isiyo na anwani haina jina la kujitambulisha kwa mtu, kwa hiyo inajiandika 0.0.0.0 na inapiga ukelele kwa kila aliye kwenye waya, 255.255.255.255: yupo hapa anayegawa anwani? Seva inajibu kwa kutaja anwani iliyo tayari kuitoa, pamoja na lango, seva ya majina na muda. Mashine inajibu tena, na jibu hili la pili hutangazwa kwa wote ingawa linamhusu mmoja. Ndani yake imetajwa seva iliyochaguliwa, ili kama kulikuwa na nyingine iliyojitolea, nayo isikie kwamba haikuchukuliwa na irudishe anwani yake ghalani. Mwisho seva inathibitisha. Ujumbe mara nne, chini ya sekunde mbili, na mteja hajamaliza hata kuvuta kiti.

Mzee alivutiwa, lakini hakukubali upesi. Alivua miwani, akaniuliza: "Sasa kijana wangu, mtu akifanya ujinga wake humu ndani, kesho watu wakija kuuliza, nitajuaje ilikuwa mashine ipi?"

Lilikuwa swali zuri kuliko maswali mengi niliyowahi kuulizwa na watu wenye shahada. Seva yetu ilikuwa ya Linux, ikitumia programu ya DHCP ya shirika la ISC, na programu hiyo huandika kila anwani iliyoitoa katika faili la maandishi ya kawaida: anwani, namba ya kadi, saa ya kuanza, saa ya kuisha. Nikamfungulia. Akalisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, kama anakagua mizigo. Kisha akaagiza kila Ijumaa lichapwe na kubandikwa kwenye kauntabuku. Tulibandika mpaka kafe ilipofungwa, na sikuona sababu ya kumkatalia. Kwa gundi na karatasi alikuwa amepata kile ambacho daftari la zamani halikuwahi kumpa, yaani habari za mambo yaliyotokea kweli.

Wasiwasi wake ulikuja kuwa wa serikali pia. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za Tanzania za mwaka 2018 ziliagiza kompyuta za intaneti kafe zipewe anwani za umma zisizobadilika, pamoja na kufungwa kamera. Ninaelewa walichokuwa wanatafuta, kwamba kila tendo lifuatike hadi kwenye kiti. Ila agizo lenyewe lilikuwa gumu kulitekeleza. Anwani za toleo la nne la IP zina biti 32, kwa hiyo haziwezi kuzidi 4,294,967,296 dunia nzima, na ghala kuu la dunia lilikwisha Februari 2011. Tangu miaka ya 1990 dunia imekuwa ikiishi kwa anwani za ndani, zile za 10 na 192.168 ambazo kila ofisi inaweza kuzitumia bila kuomba kwa mtu, huku mashine zote zikitoka nje kwa anwani moja ya rauta. Kafe ya mtaani kupata anwani ya umma kwa kila kiti ilikuwa ni gharama juu ya gharama. Faili la seva likitunzwa vizuri, na saa ya seva ikiwa sahihi, lingejibu sehemu kubwa ya swali lile.

Jambo la pili nililojifunza Mwenge lilitokana na umeme. Ukikatika, kila kitu kinakufa pamoja. Ukirudi, kila kitu kinaamka pamoja, lakini si kwa mwendo mmoja. Kompyuta za wateja zilikuwa tayari ndani ya dakika. Seva, kwa sababu ilizimwa ghafla, ilianza kukagua diski yake kipande kwa kipande kabla ya kufanya kazi yoyote. Wakati huo mashine zimeshapiga ukelele, zimenyamaziwa, na zimeamua kujipa anwani zenyewe, zile zinazoanza na 169.254. Windows ilianza tabia hiyo na toleo la 98, na mwaka 2005 ikaandikwa rasmi kuwa kanuni ya intaneti. Anwani hizo zinawezesha kompyuta mbili zilizo kwenye waya mmoja kuzungumza. Kutoka nje haziwezi, kwa kuwa hazijui lango.

Mpaka leo nikiitwa mahali na kuona 169.254 kwenye kioo, sigusi kebo wala sipigi simu kwa mtoa huduma. Namba hiyo inasema jambo moja: nimeita, hakuna aliyeitika. Windows huendelea kuita kila baada ya dakika tano, na dakika tano kwa mtu aliyelipia thelathini ni nyingi. Tulihamishia ugawaji kwenye rauta ndogo iliyowaka haraka, seva tukaiachia kazi nyingine. Mzee akalalamika kwamba rauta haina faili la kuchapa. Tukakubaliana iwe inatuma kumbukumbu zake kwenye seva.

Kutoka kafe nilikwenda chuo kimoja Morogoro. Huko mtandao ulikuwa mkubwa: majengo ya ofisi, maktaba, maabara mbili za kompyuta, na hosteli ambazo uongozi uliziunganisha baada ya wanafunzi kulalamika miaka. Waya wote ulikuwa mmoja, bila kugawanywa, na hilo ndilo linaloeleza kilichofuata.

Jumatatu moja asubuhi simu zilianza kabla sijanywa chai. Mhasibu hana mtandao. Masijala wana mtandao. Maktaba, kompyuta tatu hazina, ya nne inayo. Mkuu wa idara anao, ila katibu wake anayeketi mita mbili kutoka kwake hana. Aliyezima kompyuta Ijumaa na kuiwasha Jumatatu ndiye aliyekwama, na aliyeiacha inawaka wikiendi nzima yuko salama. Mwanzoni sikuliona hilo. Nililiona nilipofika kwa katibu na kusoma anwani yake: 192.168.1 na kitu. Sisi tulikuwa tunagawa za 10. Mtu mwingine alikuwa ameanza kugawa anwani ndani ya nyumba yetu.

Hapa inabidi nieleze udhaifu wa itifaki hii, maana ndiyo sehemu ambayo watu hawaambiwi. Kompyuta inapoita, haina njia ya kujua anayejibu ni nani. Kwa kawaida inashika jibu la kwanza. Mwaka 2001 ulichapishwa utaratibu wa kuthibitisha seva kwa siri ya pamoja, lakini haukuenea, na si vigumu kuona kwa nini: ukishalazimika kwenda kwenye kila mashine kuandika siri, umerudi kwenye kauntabuku. Kwa hiyo dunia ikaendelea kuamini sauti ya kwanza.

Na sauti ya kwanza Morogoro haikuwa ya kwetu. Programu ya ISC ina uangalifu ambao niliupenda sana kafe: kabla ya kumpa mtu anwani, inabisha hodi kwanza kwenye anwani hiyo, inasubiri sekunde moja kuona kama kuna anayeitumia kinyemela, na ikinyamaziwa ndipo inaitoa. Mgongano kama ule wa Windows 98 hautokei. Lakini sekunde moja kwenye waya ni muda mrefu. Rauta ndogo isiyojali lolote inatoa anwani palepale, na kompyuta inaichukua. Seva yetu makini ilikuwa inashindwa mbio kila mara kwa sababu ya umakini wake. Waliokuwa na anwani za zamani waliokoka kwa kuwa mashine inapotaka kuongezewa muda haiiti tena hadharani. Inaiendea seva yake moja kwa moja, nusu ya muda ikishapita. Ikikosa jibu hadi sehemu saba kati ya nane za muda, ndipo inaanza kuita kila mtu. Kwa hiyo ugonjwa ungeenea polepole, siku hadi siku, na mwisho ungemfikia hata mkuu wa idara.

Kumtafuta mhusika ni kazi ya miguu. Kompyuta ya katibu ilikuwa inajua namba ya kadi ya lango lake la uongo, na tarakimu za mwanzo za namba hiyo hutaja kiwanda: ilikuwa rauta ya nyumbani, ya aina inayouzwa Kariakoo kwenye maboksi yaliyopangwa hadi darini. Swichi kubwa ya chumba cha mitambo iliweza kuonyesha namba hiyo inaingilia tundu gani, na tundu lile lilikuwa la hosteli ya wasichana. Swichi za hosteli zilikuwa za bei rahisi, haziulizwi zikajibu. Nikaenda na matroni, tukawa tunachomoa kebo moja, tunatazama, tunarudisha, tunachomoa nyingine.

Rauta ilikuwa juu ya kabati, taa zinametameta. Mwenye nayo, mwanafunzi wa mwaka wa pili, alituamkia, akasimama kama anayesubiri kufukuzwa. Alikuwa amechomeka kebo ya chuo kwenye moja ya matundu manne ya ndani badala ya tundu la kutokea nje, na kwa tundu hilo rauta yake iliungana na chuo kizima na kuanza kukigawia anwani.

"Shikamoo kaka. Hata mimi mwenyewe sipati intaneti," alisema. "Nilinunua kwa sababu chumbani waifai haifiki."

Matroni alitaka inyang'anywe. Uongozi ukatoa tangazo la kupiga marufuku rauta hosteli, kwa herufi kubwa, na tangazo likafanya kazi mpaka muhula ulipofungwa. Maoni yangu yalikuwa tofauti na bado ni hayo. Binti yule hakuvunja kitu. Alichomeka kebo kwenye tundu lililokuwa wazi kwa ajili ya kebo. Mtandao unaoangushwa na tundu moja la rauta ya nyumbani haukuwa umejengwa ukaisha. Tulipopata bajeti tulinunua swichi zinazoweza kuambiwa kwamba majibu ya DHCP yapite kutoka kwenye tundu la seva peke yake, na yakitoka kwingine yatupwe. Tukatenga hosteli na ofisi. Kwa kuwa ukelele wa kompyuta hauvuki rauta, ilibidi rauta iliyo katikati ipewe kazi ya kuupokea na kuupeleka kwa seva kwa niaba yao. Baada ya hapo wanafunzi waliendelea kuleta rauta zao, na hatukujua.

Udhaifu huo wa sauti ya kwanza haujaisha. Mei 2024 wachunguzi wa kampuni ya Leviathan Security walionyesha kwamba seva ya DHCP yenye nia mbaya inaweza kutumia kipengele namba 121, kinachoielekeza kompyuta ipite njia gani, na hivyo kuyatoa mawasiliano ya mtu nje ya VPN aliyodhani inamficha. Kipengele chenyewe ni cha tangu 2002. Android haikuathirika, kwa kuwa haikitumii. Anayefanya kazi za benki kwenye waifai ya hoteli akumbuke kwamba aliyempa anwani ndiye pia aliyemchagulia lango.

Narudi kwenye muda, ule niliosema ndio uvumbuzi mkuu.

Baada ya chuo nilianza kujitegemea, na moja ya simu za mwanzo ilitoka kwenye ukumbi wa semina. Meneja alisema waifai inafanya kazi Jumatatu na Jumanne, ikifika Jumatano wageni wapya hawaunganishwi, na kila mtoa huduma aliyeitwa alimwambia aongeze kasi. Alikuwa ameiongeza, analipa zaidi, na Jumatano ilikuwa ileile. Nilipofungua seva nikakuta ghala la anwani 200 na muda wa siku nane, ambao ndio seva ya Windows huja nao. Jumatatu semina ya walimu: watu themanini na kitu, wengine wana simu na kompyuta mpakato. Jumanne mkutano wa chama cha akiba na mikopo. Wote wameshaenda makwao, wengine mikoani, na anwani zao zimeandikwa kwa majina ya simu ambazo ziko ndani ya basi. Aliyefunga mtandao hakukosea hata tarakimu moja. Hakuuliza tu humu ndani hukaa watu gani, na kwa muda gani.

Nikaweka saa mbili. Anayebaki ukumbini anaongezewa muda kila saa moja bila kujua. Anayeondoka anwani yake inarudi ghalani kabla chakula cha mchana hakijaisha. Meneja alirudi kwenye kasi yake ya zamani na bili yake ya zamani.

Ningeishia hapo ningekuwa fundi wa kanuni moja, kwamba muda mfupi ni bora. Lakini mfano wa faili la mipangilio la ISC huja na sekunde 600, dakika kumi, na nimeona ofisi ambazo mtu alilinakili hivyo hivyo. Katika mji wenye mgao wa umeme, hiyo ni balaa. Fikiria ofisi ambayo swichi na kompyuta ziko kwenye betri, ila seva imewekwa chumba kingine kisicho na betri. Umeme ukikatika, dakika kumi baadaye kila kompyuta inalazimika kuiachia anwani yake, kwa kuwa sheria ya itifaki inasema muda ukiisha bila kuongezwa, acha kuitumia. Kazi inasimama: hata kutuma karatasi kwenye printa iliyo ukuta wa pili haiwezekani, ingawa waya ni mzima na mashine zote zinawaka. Ofisi yenye wafanyakazi walewale mwaka mzima haina sababu ya kuogopa anwani kuisha. Wape wiki. Seva ikifa Ijumaa jioni, Jumatatu watafanya kazi, na utaitengeneza bila mtu kukusimamia mgongoni.

Hesabu hii imevurugwa kidogo na simu. Zamani namba ya kadi ilikuwa ya kudumu, na seva ilitambua mashine kwa namba hiyo. Tangu Android 10 ya mwaka 2019 na iOS 14 ya 2020, simu hujitambulisha kwenye waifai kwa namba ya kubuni, tofauti kwa kila mtandao, ili wenye maduka na viwanja vya ndege wasiweze kumfuatilia mtu anapohama kutoka mtandao mmoja hadi mwingine. Ni jambo jema, na mimi mwenyewe sijalizima. Lakini lilipoanza, wateja wangu waliokuwa wametengewa anwani maalumu walizipoteza kwa usiku mmoja. Mama mmoja mwenye duka la dawa alinipigia akiwa na hakika kwamba ameibiwa mtandao, maana orodha ya rauta ilionyesha simu asiyoijua. Ilikuwa simu yake mwenyewe, baada ya kuboreshwa programu usiku. "Sasa mwanangu, inajificha hata kwa mwenye nyumba?" Ndiyo mama, inajificha.

Kwa hiyo sasa ninapofunga mtandao naanza kwa maswali ambayo hayahusu kompyuta. Wanaokuja hapa wanarudi kesho? Umeme ukikatika, nini kinabaki kinawaka? Nani ana ruhusa ya kuchomeka kebo ukutani? Mwenye printa ni nani? Printa, kamera na seva nazitengea anwani zisizobadilika, nje ya ghala, na orodha yake naiandika kwenye karatasi na kuibandika ndani ya mlango wa kabati la mitambo, kwa mwandiko unaosomeka. Muda wa waliobaki naupanga kwa majibu ya swali la kwanza na la pili.

Nawe uliyenunua rauta ya pili ili waifai ifike chumba cha mwisho, chagua moja kati ya mawili. Chomeka kebo inayotoka kwa ile ya kwanza kwenye tundu lililoandikwa WAN au kupakwa rangi tofauti na mengine. Au, ukipenda nyumba nzima iwe mtandao mmoja, ibadilishe kwanza anwani ya rauta hiyo ya pili isifanane na ya kwanza, zima DHCP yake, ndipo uchomeke kwenye tundu lolote la ndani. Usiziache mbili zikigawa anwani kwenye waya mmoja. Ukikuta kompyuta yako imeandikwa 169.254, usimlaumu mtoa huduma kabla hujatazama kama rauta yako inawaka.